Mfuko wa Makazi Hupimwa kwa Mpangaji

Chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi pale Manzese au Mbagala kinaweza kumudiwa na mama anayeuza vitumbua asubuhi na kufua nguo za watu mchana. Kinachomshinda ni namna ya kukilipia. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, dalali naye anataka ya mwezi mmoja, na kabla godoro halijaingia ndani mpangaji ameshatakiwa kutoa 350,000 kwa mkupuo. Miezi sita ikiisha, laki tatu nyingine zinangojwa. Mtu huyu anaweza kukaa mjini miaka kumi akiwa na uwezo wa kulipa kila mwezi, na bado akatolewa vyombo nje kwa sababu mtoto alilazwa wiki ileile mkataba ulipoisha.

Nairobi kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, lakini nafasi ya kuchelewa ni finyu zaidi. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi kule Mukuru au Mathare kisipolipiwa kwa wakati, msimamizi wa ploti huja na kufuli lake na kulipachika juu ya la mpangaji. Vyombo vinabaki ndani, watoto nje. Sheria ya kudhibiti kodi ipo Kenya, na baraza lake lipo, ila inagusa nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani ambacho hata vyumba vingi vya mabati vimeshakipita. Tanzania Bara ilifuta sheria yake ya aina hiyo katika miaka ya 2000. Juu ya kodi kuna moto, kuna mafuriko, na kuna tingatinga la bomoabomoa.

Ndiyo maana wazo la mfuko wa jamii wa makazi huzuka kila mara: msikitini, kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, miongoni mwa ndugu walioko ughaibuni. Tuchange, mwenzetu asilale nje. Wazo ni jema na limejaribiwa kwa njia nyingi, hapa kwetu na kwingine. Ukizipitia njia hizo moja moja, unaona kasoro inayojirudia: fedha za makazi hufuata ardhi, na asiye na ardhi hupitwa. Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza ni kimoja. Mfuko uulizwe umemfanyia nini mpangaji wa chumba kimoja.

Tulichonacho tayari

Hatuanzi sifuri. Ukifungua sanduku la kikoba, kikundi cha akiba, lile lenye kufuli tatu na funguo zake mikononi mwa watu watatu, utakuta mifuko miwili. Mmoja ni wa hisa, ambao wanachama wanakopeshana na kugawana faida. Wa pili ni mfuko wa jamii: kila mmoja anatoa jero au buku kila wiki, na akipatwa na shida anapewa mkono wa pole asioulipa. Katiba za vikundi hivi kwa kawaida zinataja shida zenyewe kwa majina. Kufiwa na mzazi kumo, kufiwa na mwenza kumo, kulazwa hospitali kumo. Kufukuzwa kwenye nyumba mara nyingi hakumo.

Sababu inaeleweka. Kifo hakiigizwi, na kila mwanachama anajua zamu yake itafika. Deni la kodi linaweza kuigizwa, na machoni pa wengi linanuka uzembe. Kikundi kinaogopa kwamba ukimlipia mmoja, wiki ijayo watasimama kumi. Hofu hiyo si ya bure, lakini ina dawa. Mwenye nyumba anajulikana, mkataba upo, mwenyekiti wa mtaa yupo. Deni la kodi ni rahisi kulithibitisha kuliko maradhi mengi ambayo vikundi huyachangia bila kuuliza maswali. Mwanamke anayemwomba shoga yake sehemu ya kulaza watoto siku tatu amepatwa na msiba, hata kama hakuna turubai wala matanga.

Pwani kuna chombo cha zamani zaidi, nacho ni wakfu. Mwenye mali huifunga nyumba yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na manufaa yake yakaenda kwa aliowataja: kizazi chake, watumwa aliowaacha huru, msikiti, mafukara. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni za wakfu, na kwa vizazi kadhaa zimewahifadhi watu ambao soko la nyumba lisingewapokea. Kwa kipimo chetu wakfu unafanya vizuri, kwa sababu unamfikia mpangaji akiwa mpangaji, bila kumtaka kwanza awe mmiliki. Udhaifu wake uko darini na ukutani. Kodi ya huruma haitoshi kununua chokaa na boriti, nyumba inavuja, na mwishowe jengo linawaelemea walewale lililokusudiwa kuwasitiri. Hisani iliyotoa nyumba ikasahau matengenezo imeacha kazi nusu.

Kurasini hadi Chamazi

Mfano wa Tanzania unaostahili kutazamwa kwa karibu ulianza katikati ya miaka ya 2000, serikali ilipoamua kupanua shughuli za bandari ya Dar es Salaam katika eneo la Kurasini. Wenye nyumba walifanyiwa tathmini ili walipwe. Wapangaji hawakuwa na cha kudai, maana fidia hulipia ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, na mpangaji hana hiki wala kile. Aliyekaa chumba kimoja miaka kumi na mitano aliondoka na kitanda chake.

Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya akiba vya shirikisho la maskini wa mijini, linaloshirikiana na asasi ya CCI iliyoanzishwa mwaka 2004. Walikuwa wanaweka akiba ndogo ndogo, na nyuma yao ulikuwepo mfuko wao unaoitwa Jenga, wenye uhusiano na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa makazi duni, SDI. Wakatafuta ardhi, wakaipata Chamazi, kusini mwa jiji, mahali ambapo leo wapenda soka wanapajua kwa uwanja wa Azam. Walinunua ekari 30 kwa shilingi milioni 24, yaani 800,000 kwa ekari. Wakaunda chama cha ushirika cha nyumba, wakajifunza kufyatua tofali za kufungamana, wakachora nyumba ndogo za kuongezwa kidogo kidogo kadiri mfuko wa mwenye nyumba unavyoruhusu, na wakajenga mfumo wa kuchuja maji taka kwa mimea badala ya kungoja bomba la mamlaka.

Kwa watu ambao daftari la fidia halikuwatambua, hayo ni makubwa. Lakini hesabu ina upande wa pili. Chamazi ni mbali na bandari. Mama lishe aliyekuwa akiwauzia vibarua wa Kurasini wali na maharage akihamia huko anapata kiwanja na kupoteza wateja, kisha sehemu ya kipato chake kipya inaishia kwenye nauli. Haishangazi kwamba wapo walionunua kiwanja na kuendelea kupanga chumba karibu na kazi. Nyumba zilizosimama miaka ya mwanzo zilikuwa chache kuliko viwanja, na marejesho ya mikopo yakasuasua. Mfuko ulikuwa umewageuza wapangaji kuwa wamiliki kwa bei ambayo ardhi ya pembezoni peke yake ingeruhusu, na gharama ya umbali ikabaki kwa mwanachama.

Jambo hilo lilishaonekana hata serikali ilipokuwa ndiyo mtoaji. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, familia za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Wapo waliojenga na kutulia. Wapo pia waliorudi kupanga karibu na mjini, kwa sababu riziki yao ilibaki huko. Kiwanja ni nusu ya makazi. Nusu nyingine ni kufika kazini na kurudi kabla ya giza bila kumaliza ulichochuma.

Huruma: mwenye kibanda na mpangaji mezani pamoja

Nairobi ilichukua njia nyingine. Muungano wa Wanavijiji ulizaliwa mwaka 1996 katika upinzani dhidi ya kufukuzwa kwa wakazi wa vijiji vya mabanda. Miaka michache baadaye, kwa kutembeleana na wenzao wa India na Afrika Kusini, wakaongeza silaha ya pili, yaani vikundi vya akiba. Mwaka 2003 wakaanzisha mfuko wao, Akiba Mashinani, ulioongozwa kwa muda mrefu na mwanasheria Jane Weru. Mfuko huo hukopesha vikundi, vikundi hukopesha wanachama, na mikopo yake ni ya biashara, ya ardhi, ya nyumba na ya huduma kama maji.

Jaribio lao la kwanza kubwa la nyumba lilikuwa katika mtaa wa Huruma, kwenye ardhi ya baraza la jiji, katika kijiji kilichoitwa Kambi Moto. Kabla ya tofali la kwanza walihesabu watu nyumba kwa nyumba, na hesabu hiyo ikafichua mgogoro ambao miradi mingi hupenda kuufunika. Kulikuwa na wenye vibanda, baadhi wakiwa na vibanda kadhaa vya kupangisha, na kulikuwa na wapangaji. Mwenye vibanda vitano alitarajia nyumba tano. Mpangaji alihofia kwamba uboreshaji ungemletea kodi mpya asiyoiweza. Baada ya mabishano marefu walikubaliana kwamba kila kaya, ya mwenye kibanda au ya mpangaji, iwe na haki ya nyumba moja.

Hapo ndipo mfuko ulipofaulu mtihani, na fedha zilikuwa bado hazijatoka. Kilichofanya kazi ni matumaini ya fedha hizo: mwenye kibanda alijua kwamba bila makubaliano hakuna mkopo, hakuna hati, hakuna kitu. Ujenzi wenyewe ulikuwa wa busara ya maskini. Viwanja vilikuwa vidogo sana, kwa hiyo nyumba zilipanda juu kwa awamu, ghorofa moja ikisubiri nyingine. Dari zilijengwa kwa ladi, vipande vya zege vilivyofinyangwa palepale mtaani na wakazi wenyewe, wengi wao wanawake, kwa ufundi waliojifunza kwa Wahindi. Nyumba zilisimama palepale walipokuwa wakiishi, hatua chache kutoka sokoni, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na Chamazi.

Kasoro ya Huruma ni mwendo. Mkopo unazunguka kwa kasi ya marejesho, na marejesho ya mtu anayeuza sukuma wiki hayana kasi. Nyumba hujengwa kwa makumi wakati jiji linahitaji makumi ya maelfu. Anayedai mfuko wa jamii utamaliza tatizo la makazi ya mijini anaudanganya mfuko wenyewe na wachangiaji wake.

Ruzuku, mkopo, dhamana

Fedha za mfuko zinaweza kutoka kwa namna tatu, na kila namna inamchagua mtu wake.

Ruzuku, yaani fedha isiyorudi, inamfikia fukara kuliko wote: mjane, mgonjwa, aliyeunguliwa. Inaokoa haraka, inaisha haraka. Mfuko wa ruzuku tupu huishi kwa hisani ya wachangiaji, na wakichoka unakufa.

Mkopo huuweka mfuko hai, lakini humchagua mwenye kipato cha kueleweka. Kamati ya mkopo, hata ikiwa ya majirani, itampendelea mwenye genge kuliko kibarua wa siku. Ukiuacha mfuko uongozwe na marejesho peke yake, baada ya miaka michache utakuta umekuwa chama cha akiba cha walio nafuu kidogo, wakati waliokusudiwa wanachungulia dirishani.

Kuna pia mkopo wa kutangulia, ambao mfuko hutoa ukitegemea kulipwa na serikali baadaye. Afrika Kusini waliujaribu kwa mapana. Mfuko wa uTshani, ulioanza 1995, uliwakopesha wanachama wajenge mara moja, kwa ahadi kwamba ruzuku ya nyumba ya serikali ingekuja kufidia. Nyumba zilisimama, nyingi zikiwa kubwa kuliko zile za wakandarasi. Ruzuku ikachelewa, kwingine kwa miaka, na mtaji ukakwama. Ahadi ya serikali si fedha mpaka iingie kwenye akaunti, na mfuko wa maskini hauna kifua cha kuingoja.

Dhamana ndiyo namna inayotumika kidogo, nami naona ndiyo inayomfaa mpangaji zaidi. Turudi kwenye nyumba ya Manzese. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko. Mwenye nyumba mara nyingi si tajiri. Huenda ni bibi anayelala chumba kimojawapo na kupangisha vingine vitano, na anadai miezi sita kwa sababu anataka kupaua banda la uani au kulipa ada, na kwa sababu ameshatorokwa na wapangaji usiku. Ana hofu mbili, ya kukosa fedha nene na ya kudhulumiwa. Mfuko unaweza kumtuliza kwa kumhakikishia kwa maandishi, mbele ya serikali ya mtaa, kwamba mpangaji atalipa mwezi kwa mwezi, na akishindwa mfuko utalipa hadi miezi miwili. Shilingi 100,000 za kila mpangaji zinakaa akiba bila kuguswa mpaka iwe lazima. Fedha ambayo ingemlipia mtu mmoja miezi sita inaweza kuwasimamia watatu, na wengi wao hawataihitaji.

Kuna pingamizi la haki: kulipa madeni ya kodi ni kumnenepesha mwenye nyumba, na wenye nyumba wakishajua mfuko upo watapandisha kodi. Hatari ni ya kweli pale fedha zinapomwagwa bila masharti. Ndiyo sababu msaada wa kodi uandamane na kitu anachokitoa mwenye nyumba: mkataba wa maandishi, kodi isiyopanda kwa mwaka mzima, kulipwa kwa mwezi. Mwenye ploti za Mukuru asiyeishi hapo, mwenye mamia ya vyumba na msimamizi wa kukusanya, ni mtu mwingine kabisa. Huyo mfuko mdogo haumuwezi, na kumlipa ni kupoteza. Dhidi yake panatakiwa nguvu ya wapangaji wengi na sheria.

Nani analinda kilichopatikana

Makazi yakiboreshwa thamani hupanda, na wenye fedha huja. Mwanachama mwenye shida huuza, mtaa hubadilika sura, na mfuko hujikuta umewajengea wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mji wa Voi nchini Kenya ulilijibu swali hilo katika kijiji kinachoitwa Tanzania-Bondeni. Wakazi walichagua kumiliki ardhi kwa pamoja kupitia amana ya ardhi ya jamii. Mtu aliweza kuuza nyumba aliyoijenga, lakini ardhi ilibaki ya wote. Sheria ya wakati huo haikuwa na chombo kimoja cha kubeba mpango kama huo, ikabidi waunganishe chama cha wakazi na amana, na karatasi zikawatesa kwa muda mrefu. Hata hivyo kanuni yake ni ileile ya wakfu, ya kufunga ardhi isiuzwe ili nyumba ziendelee kuwahifadhi wanyonge. Mifuko inayonunua ardhi leo na kuigawa kwa hati binafsi siku ya kwanza ingefaa iitazame Voi kabla ya kusaini.

Mfuko na serikali

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Januari 2021 Mahakama ya Juu iliitumia haki hiyo katika kesi ya Mitu-Bell, iliyotokana na kubomolewa kwa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson mwaka 2011. Mwaka huohuo wa hukumu, kabla haujaisha, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa ili kupisha barabara. Baada ya mafuriko ya 2024 vibanda vya kandokando ya mito vikabomolewa tena, serikali ikaahidi shilingi 10,000 kwa kila kaya. Hiyo ni kodi ya miezi michache. Wakati huohuo, kwa sheria ya Machi 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi kwa ajili ya nyumba nafuu na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Nyumba hizo ni za kununua kwa awamu, na kibarua anayelipwa jioni kwa jioni ana safari ndefu ya kuzifikia.

Tatizo likiwa kubwa kiasi hicho, mchango mkubwa wa mfuko wa jamii unaweza kuwa kugharamia hesabu ya watu. Muungano na Akiba Mashinani walitumia miaka wakikusanya takwimu za Mukuru: nani anaishi wapi, anamlipa nani kodi, ananunua maji kwa bei gani. Walionyesha kwamba maskini wa Mukuru hulipia maji kwa bei ya juu kuliko wenye mabomba rasmi. Agosti 2017 kaunti ya Nairobi ikalitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, na kaya zipatazo 100,000 zikapangwa katika makundi ya kumi kumi ili kila kundi liwe na msemaji. Baadaye barabara na mabomba yakaanza kuingia. Tangazo halikuzuia bomoabomoa ya 2021, na hilo lisemwe wazi. Lakini mtu aliyeandikwa ana cha kushika mkononi anapokwenda mahakamani. Kurasini, daftari lililokuwepo lilikuwa la tathmini, na mpangaji hakuwemo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchangia

Anayeombwa kuchangia mfuko wa makazi, awe mfanyabiashara wa Kariakoo au kijana anayetuma fedha kutoka Muscat, ana haki ya kuuliza mambo manne. Kwanza, katika kamati wapangaji ni wangapi? Kamati ya wenye nyumba watupu, hata wawe wacha Mungu, itaamua kama wenye nyumba. Pili, mfuko umetenga sehemu gani isiyorudi kwa wasioweza kukopa, na nani anaijaza ikiisha? Tatu, ardhi ikinunuliwa, itakuwa umbali gani kutoka riziki ya wanachama, na nani ataizuia isiuzwe? Nne, je, mfuko unaandika na kuhesabu, au unalipa tu?

Mfuko wenye majibu mazuri kwa maswali hayo utabaki mdogo. Hautajenga mji. Kinachowezekana, na kwa fedha zisizo nyingi, ni kumzuia mtu asianguke wiki ile kodi inapokutana na maradhi, kisha kumpeleka akiwa na wenzake na daftari lao mbele ya wenye mamlaka ya ardhi. Vikundi vyetu vya akiba vinaweza kuanza na kipande cha kwanza katika mkutano wao ujao, kwa kuongeza mstari mmoja kwenye katiba zao, chini ya msiba na kulazwa: mwanachama anayetolewa kwenye nyumba naye apewe mkono.